Mbunge, waziri na bomba la majitaka

SWALI: "Huwa nafuatilia vikao vya Bunge la Uingereza kwenye simu. Haipiti muda bila mbunge kusimama na kumwuliza waziri kuhusu majitaka yanayomwagwa mtoni au ufukweni jimboni kwake. Waziri anajibu kwa adabu, wanakaa, na baada ya wiki chache swali lilelile linarudi kupitia mbunge mwingine. Naomba unieleze mambo mawili. Nchi tajiri namna ile, yenye mabomba ya majitaka tangu enzi za Malkia Victoria, inawezaje bado kumwaga kinyesi mtoni? Na huyo mbunge anafaidika nini kwa kuuliza, kama mto unabaki vilevile?"

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako la pili ndilo gumu, lakini halijibiki mpaka tuanze na la kwanza. Waziri anapokwepa, mara nyingi hukwepa kupitia tundu ambalo mtu asiyejua bomba linavyofanya kazi hawezi kuliona.

Hapa nazungumzia England peke yake. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana serikali zao zinazosimamia maji, na waziri wa London akiulizwa kuhusu mto wa Scotland atasema tu kwamba hauhusu ofisi yake, na atakuwa amesema kweli.

Sehemu kubwa ya mabomba ya zamani ya England imejengwa kwa mtindo wa bomba moja. Maji ya vyooni, ya jikoni na ya mvua kutoka mapaani na barabarani hupita humohumo. Siku za ukavu bomba lina nafasi ya kutosha. Ikija mvua kubwa, ujazo hupanda mara kadhaa ndani ya muda mfupi, na kama hakuna pa kutokea, maji hurudi nyuma na kuibukia kwenye masinki na vyoo vya watu. Ili hilo lisitokee, wahandisi waliacha njia za kufurikia: bomba likijaa kupita kiasi, ziada huenda mtoni au baharini bila kusafishwa. Njia hizo England nzima ni takribani 14,500.

Kwa hiyo kuwepo kwa njia ya kufurikia si uhalifu. Uhalifu uko kwenye namna inavyotumika. Kanuni za mwaka 1994 kuhusu usafishaji wa majitaka ya mijini zilitoka kwenye sheria ya Ulaya, na mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliihukumu Uingereza katika kesi iliyohusu kijiji cha pwani cha Whitburn na jiji la London. Mahakama ilisema wazi kwamba kumwaga majitaka yasiyosafishwa kunaruhusiwa katika hali za kipekee tu, kama mvua isiyo ya kawaida. Ikiwa mvua ya kawaida ya majira ya baridi inatosha kufungulia mlango kila wiki, mfumo ni mdogo kuliko kazi yake.

Umekuwaje mdogo? Miji imeongeza nyumba bila kuongeza mabomba kwa kasi ileile. Bustani za mbele zimesakafiwa ziwe maegesho, mvua haina pa kunywea. Mafuta ya kupikia na vitambaa vya kupangusia watoto huziba njia. Na kuna tatizo ambalo wabunge hawalitaji mara nyingi kwa sababu halina sura ya kupigwa picha: nyufa. Bomba lililopasuka chini ya ardhi hufyonza maji ya ardhini wakati wa baridi yanapopanda, na katika maeneo ya miamba ya chokaa ya kusini, njia moja ya kufurikia inaweza kumwaga kwa wiki nzima mfululizo hata mvua ikiwa imekatika.

Umewataja Wavictoria, nami siwezi kuwaacha bila neno moja. Mwaka 1858 joto la kiangazi lilichemsha mto Thames, uliokuwa umegeuzwa choo cha London, hadi mapazia ya jengo la Bunge yakaloweshwa dawa ya klorini ili wabunge waweze kukaa ndani. Miaka mingi wananchi walikuwa wakilalamika na kufa kwa kipindupindu. Uvundo ulipofika puani mwa wabunge wenyewe, muswada wa kumwezesha mhandisi Joseph Bazalgette kujenga mabomba makuu ulipita kwa siku 18. Mabomba hayo bado yanafanya kazi. Nyongeza kubwa kuliko zote, handaki la Tideway lenye urefu wa kilomita 25 chini ya Thames, iliunganishwa kikamilifu Februari 2025 tu.

Sasa tuje bungeni.

Mwaka 1989 serikali iliuza mamlaka 10 za maji za England na Wales kwa wawekezaji. Tangu hapo mabomba ni mali ya kampuni. Ofwat ilipewa kazi ya kudhibiti bei na uwekezaji, Wakala wa Mazingira husimamia vibali vya kumwaga na kushtaki, na waziri wa mazingira yuko juu ya sera. Kwa mwananchi mto mmoja umechafuka. Kwa mbunge kuna milango minne, na kila mlango huelekeza kwa mwingine. Waziri akiulizwa kwa nini mtambo fulani wa kusafisha majitaka ulimwaga siku tatu mfululizo, anaweza kusema kwamba hilo ni suala la kiutendaji la Wakala. Wakala atasema uchunguzi unaendelea. Kampuni itasema uwekezaji wake umepangwa na Ofwat. Ofwat itasema inalinda mteja asipandishiwe bili. Hakuna hata mmoja aliyedanganya.

Ndiyo maana aina ya swali ni muhimu kuliko ukali wa sauti. Yale unayoyaona kwenye simu ni maswali ya ana kwa ana. Zamu ya wizara ya mazingira huja takribani kila wiki tano Bunge likiwa kwenye vikao, na wabunge wanaopata nafasi huchaguliwa kwa kura ya bahati. Swali la msingi limechapishwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo waziri anakuja na karatasi. Wabunge wanalijua hilo, ndiyo sababu swali la msingi huwa limepooza makusudi: "Waziri ana tathmini gani kuhusu uchafuzi wa mito?" Pigo liko kwenye swali la nyongeza, ambalo waziri halioni mapema. Hata hivyo, ana sekunde chache tu za kujibu na upande wake unampigia kelele za kumuunga mkono. Ni mchezo mzuri kuutazama. Mimi binafsi sijawahi kutegemea kupata takwimu humo.

Swali la maandishi halina mtazamaji, na ndilo linaloniamsha. Mbunge huliandika, wizara hupewa muda, jibu linachapishwa kwa jina la waziri na kubaki kwenye kumbukumbu rasmi milele. Akitaka haraka, mbunge anaweza kutaja siku ya kujibiwa. Waziri anayelidanganya Bunge kwa kujua anatarajiwa kujiuzulu, kwa hiyo maafisa wanaoandika rasimu ya jibu huchunga kila tarakimu. Kuna mwanya mmoja: ikiwa kutafuta jibu kutagharimu zaidi ya pauni 850, wizara inaruhusiwa kukataa kwa hoja ya gharama. Mbunge asiyejua hilo huuliza "orodhesha umwagaji wote England kwa miaka kumi" na kuambiwa haiwezekani. Anayejua huuliza kuhusu mtambo mmoja na mwaka mmoja.

Halafu kuna mjadala wa nusu saa mwisho wa siku, kabla Bunge halijaahirishwa. Ukumbi karibu mtupu, mbunge mmoja anazungumzia mto mmoja, naibu waziri analazimika kubaki na kumjibu. Watu hucheka viti vitupu. Lakini fikiria kilichotangulia: afisa wa wizara amelazimika kupiga simu kwa Wakala, Wakala kwa kampuni, kampuni kwa meneja wa mtambo, kuuliza nini hasa kinaendelea kwenye mto ambao hakuna mkubwa aliyekuwa akiuwaza juma lililopita. Kazi kubwa ya swali hufanyika kabla jibu halijasomwa.

Hebu tuangalie majibu yenyewe. Kwa miaka kadhaa mawaziri wa serikali ya Conservative walikuwa na moja walilolipenda: kwamba mwaka 2010 ni asilimia 7 tu ya njia za kufurikia zilizokuwa na kifaa cha kurekodi, na sasa karibu zote zinacho. Ni kweli, na mwisho wa mwaka 2023 zilifika zote. Tena ni mafanikio halisi, kwa sababu kabla ya vifaa hivyo hakukuwa na cha kuulizia. Mbunge wa mwaka 2010 aliyeuliza mto wake umemwagiwa mara ngapi angeambiwa kwa haki kabisa kwamba hakuna anayejua. Hasira ya umma iliyozuka baadaye haikuja kwa sababu mito iliharibika ghafla. Ilikuja kwa sababu takwimu zilianza kuchapishwa.

Ila vifaa hivyo vinapima nini? Vinarekodi maji yalianza kumwagika saa ngapi na yaliacha saa ngapi. Havipimi ujazo. Saa moja ya mchirizi mwembamba kutoka bomba la kijijini na saa moja ya gharika kutoka mtambo wa mji mkubwa huandikwa sawasawa. Kupima ujazo kwenye bomba la zamani lenye umbo la ajabu ni kazi ngumu na ya gharama, hilo nalikubali. Lakini waziri akisema "umwagaji umepungua", swali la nyongeza linalofaa ni umepungua kwa kipimo kipi.

Tazama takwimu rasmi za England. Mwaka 2022 zilirekodiwa mara 301,091 za umwagaji, zenye jumla ya saa takribani milioni 1.75. Mwaka 2023 mara 464,056, saa milioni 3.6. Mwaka 2024 idadi ya mara ilishuka hadi 450,398, ilhali saa zilipanda kidogo na kufika milioni 3.61. Kwa mwaka huo wa mwisho waziri angeweza kusimama na kusema umwagaji umeshuka, mpinzani wake akasimama na kusema umepanda, na wote wawili wangekuwa na karatasi ileile mkononi. Halafu uchache wa mwaka 2022 ulikuwa na maelezo mepesi: ulikuwa mwaka wa ukame.

Na hiyo "mara" yenyewe huhesabiwaje? Umwagaji wowote ndani ya saa 12 za mwanzo ni mara moja, hata kama mlango ulifunguka na kufungwa mara tano. Baada ya hapo kila saa 24 zenye umwagaji huongeza moja. Kwa hiyo bomba lililomwaga bila kukoma tangu Jumatatu asubuhi hadi Jumanne jioni linahesabiwa mara mbili. Njia hii ina mantiki yake kwa mhandisi anayelinganisha mitambo, lakini mwananchi aliyesimama ukingoni siku hizo mbili hawezi kuielewa, na sioni kwa nini aielewe. Kwa sababu hiyo nawashauri wabunge waulize saa.

Sasa nifike kwenye kitu kinachotenganisha swali la hasira na swali la hatari. Kila mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka una kibali kinachosema lazima usafishe lita kadhaa kwa sekunde kabla haujaruhusiwa kuelekeza ziada pembeni. Mara nyingi pia matangi ya mvua lazima yawe yamejaa kwanza. Mtambo ukimwaga mtoni huku ukisafisha nusu tu ya kiwango chake, mvua haihusiki hata iwe kubwa namna gani: kibali kimevunjwa. Kampuni inaokoa umeme, matengenezo na upanuzi, na mto unalipia. Novemba 2021 Wakala wa Mazingira na Ofwat walitangaza uchunguzi juu ya mitambo zaidi ya 2,200, na kiini chake kilikuwa hicho hasa. Miezi minne kabla, kampuni ya maji ya Southern Water ilikuwa imepigwa faini ya pauni milioni 90 baada ya kukiri kumwaga kinyume cha sheria mara 6,971 kati ya 2010 na 2015 kwenye pwani za Kent, Hampshire na Sussex. Ikiwa unaona muda umepita mrefu kati ya kosa na hukumu, uko sahihi. Mbunge aliyeuliza mwaka 2012 angekuwa amepoteza kiti kabla ya kupata jibu la mahakama.

Wananchi wanaingia wapi? Kuna tukio moja ninalolitumia kila ninapoulizwa kama kelele za watu zina maana. Oktoba 2021, Muswada wa Mazingira ulikuwa ukizunguka kati ya mabaraza mawili ya Bunge. Baraza la Malodi, kwa kuongozwa na Duke wa Wellington, lilikuwa limeingiza kifungu cha kuzilazimisha kampuni kuchukua kila hatua ya busara kuzuia umwagaji. Serikali ilisema kuondoa njia za kufurikia kabisa kungegharimu zaidi ya pauni bilioni 150, na tarehe 20 Oktoba Baraza la Makabwela lilikitupa kifungu hicho kwa kura 268 dhidi ya 204. Wabunge 22 wa chama tawala waliiasi serikali yao.

Kwa kawaida habari ya kifungu kilichokataliwa huishia hapo. Safari hii orodha za majina ya waliopiga kura zilisambaa mitandaoni jimbo kwa jimbo, na wabunge waliozoea barua za barabara mbovu wakajikuta wakieleza kwa nini "walipigia kura kinyesi". Maelezo hayo hayakuwa ya haki kabisa, maana kifungu kile kilikuwa na udhaifu wa kweli na wengi wa wabunge hao hawakuwa wakitetea uchafu. Lakini tarehe 26 Oktoba, siku sita tu baadaye, serikali ilitangaza kwamba italeta kifungu chake yenyewe, na mwezi uliofuata sheria ikapita ikiwa na wajibu kwa kampuni kupunguza hatua kwa hatua madhara ya umwagaji huo. Kilichobadilika kati ya tarehe hizo mbili si uhandisi wala bei ya bomba.

Tukio hilo lilikuwa na wazazi wengi. Philip Dunne, mbunge wa Conservative aliyeongoza Kamati ya Bunge ya Ukaguzi wa Mazingira, alikuwa tayari na muswada wake binafsi tangu mwaka 2020. Kamati yake ilichapisha ripoti Januari 2022 iliyokumbusha kwamba ni asilimia 14 tu ya mito ya England yenye hali nzuri kiikolojia. Nje ya Bunge walikuwepo kikundi cha wateleza mawimbi wa Cornwall, kilichoanzishwa mwaka 1990, na mwanamuziki wa zamani Feargal Sharkey, ambaye anajua vibali vya mitambo kwa kichwa kuliko mawaziri wengi.

Hata hivyo, somo ninalolipenda zaidi linatoka mji mdogo wa Ilkley, kaskazini, kwenye mto Wharfe. Wakazi waliochoka kuona mabaki ya chooni mtoni hawakuishia kuomba mto usafishwe. Waliomba utambuliwe rasmi kuwa mahali pa kuogelea. Ombi hilo lilikuwa la kijanja: sehemu ikishatambuliwa hivyo, sheria inamlazimisha Wakala wa Mazingira kupima bakteria humo msimu mzima wa kiangazi na kutangaza daraja. Desemba 2020 sehemu hiyo ya Wharfe ilikuwa mto wa kwanza England kupata hadhi hiyo, na kipimo cha kwanza kikatoka "duni". Waliochukulia hilo kuwa kushindwa hawakuelewa. Kabla ya hapo mbunge wa eneo lile alikuwa na malalamiko. Baada ya hapo alikuwa na daraja rasmi la serikali yenyewe, ambalo waziri hawezi kuliita uvumi.

Huko Oxfordshire, kando ya mto Windrush, wakazi walikwenda mbali zaidi. Waliomba kwa haki yao ya kisheria rekodi za mitambo ya karibu, na profesa mmoja mstaafu, Peter Hammond, akaifundisha kompyuta kutambua kwenye michoro ya mtiririko siku ambazo mtambo ulikuwa ukimwaga bila kuripoti. Alipokwenda mbele ya kamati ya Bunge hakupeleka picha za samaki waliokufa. Alipeleka tarehe.

Nisije nikakufanya udhani wabunge wote hawa ni mashujaa. Kuna maswali wanayoyakwepa. Kwa takwimu za Wakala wenyewe, kilimo kinachangia kuharibu asilimia 40 ya maeneo ya maji ya England, na sekta ya maji asilimia 36. Mbunge wa jimbo la mashambani atanguruma kuhusu kampuni ya maji, kampuni ambayo haina kura hata moja, na atanyamaza kuhusu mbolea na samadi ya wafugaji wanaomchagua. Mto Wye ndio mfano unaotajwa zaidi. Kingine: hata majitaka yaliyosafishwa kwa mujibu wa kibali bado yana bakteria, kwa sababu mitambo mingi ya bara haina hatua ya mwisho ya kuua vijidudu, ambayo imewekwa zaidi karibu na fukwe. Machi 2024, kabla ya mashindano maarufu ya makasia kati ya Oxford na Cambridge kwenye Thames, wapiga makasia walionywa wasijirushe majini kwa sababu ya E. coli, bakteria wanaotokana na kinyesi.  Kufunga kila njia ya kufurikia kusingefanya maji ya mto huo yafae kumezwa.

Na bili. Desemba 2024 Ofwat iliidhinisha matumizi ya pauni bilioni 104 kwa miaka mitano, na bili za wateja zipande kwa wastani wa asilimia 36 kabla ya mfumuko wa bei. Siku ya Jumanne mbunge anadai mito isafishwe kesho. Siku ya Alhamisi anadai bili zisipande. Ukimsikia anasema yote mawili bila kutaja gawio la wanahisa, madeni ya kampuni au kodi, ujue hajaamua.

Umeuliza kama mto unabaki vilevile. Mingi, ndiyo, kwa sasa. Mpango wa serikali wa mwaka 2022 uliweka mwaka 2035 kuwa mwisho wa kurekebisha njia zinazomwaga karibu na maeneo ya kuogelea, na 2050 kwa nyingine zote. Hizo ni tarehe ambazo waziri yeyote anaweza kuzikubali, maana hatakuwepo. Lakini karatasi zimesogea. Desemba 2024 Ofisi ya Ulinzi wa Mazingira, chombo cha kuiangalia serikali yenyewe, iliamua kwamba wizara, Wakala na Ofwat wote watatu walishindwa kufuata sheria kuhusu njia za kufurikia: walikuwa wameitafsiri ile "hali ya kipekee" kwa ulegevu. Februari 2025 sheria mpya iliruhusu kuzuia marupurupu ya wakubwa wa kampuni na kuweka kifungo cha hadi miaka miwili kwa wanaozuia uchunguzi. Mei mwaka huohuo kampuni ya Thames Water ilitozwa faini ya pauni milioni 122.7. Julai, tume ya kuchunguza sekta ya maji iliyoongozwa na Jon Cunliffe ilipendekeza Ofwat ivunjwe na kuwe na mdhibiti mmoja, na serikali ikakubali kuivunja. Ile milango minne niliyoieleza huenda ikapungua.

Kuhusu swali lilelile kurudi kila mara: kila njia ya kufurikia ina jina lake, kibali chake na mto wake. Jibu la waziri kuhusu England nzima halimfungi kwa lolote kuhusu ziwa Windermere au ufuo wa Whitburn. Mbunge anayetaka jina la mahali pake liingie kwenye kumbukumbu hana budi kusimama mwenyewe. Wengine, nakiri, husimama ili wapate kipande cha video cha kuwatumia wapigakura. Utawatofautisha kwa urahisi: wa video hutaja "majitaka ghafi" na "aibu", mwingine hutaja mtambo.

Ukitaka kujua nani anafanya kazi, achana kidogo na video, tembelea sehemu ya maswali ya maandishi kwenye tovuti ya Bunge na utafute jina la mto. Swali ambalo mimi ningempa mbunge yeyote wa England lingekuwa la namna hii: "Kumwuliza Waziri wa Mazingira, kwa kila siku ya mwaka uliopita ambapo mtambo huu ulimwaga, ulikuwa ukisafisha lita ngapi kwa sekunde wakati umwagaji ulipoanza, na kibali chake kinataka ngapi." Akijibiwa kwamba wizara haina taarifa hizo, aulize mara moja nani anazo, na lini wizara iliziomba kwa mara ya mwisho.